Ini la Maalim Abdulghani

Maalim Abdulghani alikuwa mtu wa kualikwa. Pale Bukoto, na mbali zaidi ya Bukoto, hapakuwa na ndoa ya Waislamu, akika, hitima wala maulidi ambayo jina lake halikutajwa mapema, kabla hata mchele haujanunuliwa. Sauti yake ilikuwa nzito na safi, na alijua mahali pa kuivuta mpaka wazee wakafumba macho. Akishamaliza kusoma aliwekwa penye sinia la wakubwa, na mwenye nyumba alisimama karibu kuangalia kama mgeni wake anakula.

Maalim alikula. Aliamini kwamba aliyekupikia amekupa kipande cha siku yake, na kumrudishia chakula chake ni kumvunjia heshima. Alikula pilau la samli, sambusa na mkate wa kumimina, akateremshia chai ya maziwa iliyokolezwa sukari. Akirudi nyumbani jioni alikaa tena mezani, maana hakutaka mkewe, Mahfudha, ajione amepika bure. Mwili ukakua. Mahfudha ndiye aliyemshonea kanzu, na kila baada ya miaka kadhaa aliongeza upana kimya kimya. Watu waliuona ule unene wakauita neema. Yeye mwenyewe aliuona hivyo.

Babu wa babu yake alifika Buganda na msafara wa wafanyabiashara kutoka pwani, akaoa, akabaki. Kampala yote ikizungumza Kiganda, na Kiswahili kikinong'onwa kuwa lugha ya askari, nyumbani kwa Maalim kilibaki kuwa lugha ya dua, ya mizaha na ya kugombana. Asubuhi alifungua duka lake karibu na Nakivubo, akiuza kanzu, kofia, udi na mikeka ya kusalia. Alasiri alifundisha watoto katika chuo cha Kurani kilichokuwa nyuma ya msikiti. Jirani yake dukani alikuwa Kasereka, Mkongo wa Butembo, Mkristo, muuza vitenge. Walikuwa wamefungua milango yao ubavu kwa ubavu kwa miaka mingi mpaka wateja wengine walidhani ni duka moja.

Ugonjwa ulianza na damu chooni. Maalim alijiambia ni bawasiri, akanywa dawa za mitishamba, akanyamaza. Ni jambo la aibu kulisema, na yeye alikuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Alinyamaza mpaka siku ambayo Kasereka alimkuta ameketi juu ya robota la kanzu, midomo imempauka, jasho linamtiririka na hali asubuhi ilikuwa ya baridi. Kasereka hakumuuliza ruhusa. Alichukua simu akampigia Sundus, binti pekee wa Maalim, aliyekuwa ameolewa na akifundisha sekondari, akamwambia aje amchukue baba yake.

Vipimo vilionyesha kansa ya utumbo mpana. Walimpasua, wakakikata kipande chenye ugonjwa, na upasuaji ule ulikwenda vizuri. Kwa wiki chache nyumba ilipumua. Kisha wakampiga picha za tumbo zima, na wakaitwa kwa daktari mwingine, mpasuaji wa ini.

Huyo alikuwa Daktari Okeny, Mwacholi mrefu, mtaratibu, aliyekulia kambini kwa sababu baba yake alikuwa mwanajeshi. Aliposikia familia inazungumza Kiswahili alifurahi, akazungumza nao kile Kiswahili chake cha kambini. Chumbani walikuwa Maalim, Mahfudha, na Zuhair, mdogo wake Maalim, ambaye ndiye aliyewaleta kwa gari lake. Daktari aliwaeleza kwamba kansa ilikuwa imefika kwenye ini, vinundu viwili upande wa kulia, lakini havijaenda kwingine. Vingeweza kukatwa. Ila kabla ya kukatwa, mgonjwa apewe dawa za kansa kwa dripu, ili vinywee. Kisha akaitazama tena picha, akakunja uso.

"Maalim," aliuliza, "pombe unakunywa namna gani?"

Zuhair aliangalia sakafu. Mahfudha alisema baadaye kwamba alihisi kama mtu amemvua ushungi.

"Hata ladha yake siijui," Maalim alisema.

Daktari aliinua mkono kama anayeomba radhi. Akasema lazima aulize kila mtu, hata askofu angemuuliza. Akamwonyesha kwenye picha namna ini lilivyokuwa limejaa mafuta. Akasema mafuta hayo huletwa na pombe kwa wengine, na kwa wengine huletwa na unene, sukari na chakula kizito cha miaka mingi, na kwamba yeye anamwamini. Kisha akasema lile lililokuwa kubwa zaidi.

"Ini ni kitu ya ajabu, Maalim. Nikikata nusu, ile inabaki inakua tena. Lakini ini yenye mafuta inakua kwa shida. Na hii dawa ya dripu inaua ugonjwa, lakini ini nayo inaumia. Kwa hiyo tutatoa dawa kidogo, tuache, tukate haraka. Na wewe upunguze mwili."

Maalim aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Lakini lililorudi naye nyumbani lilikuwa lile swali.

Zuhair hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyeweza kukaa na neno. Siku hiyo hiyo, akingoja swala, alimweleza rafiki yake mmoja jinsi daktari alivyomuuliza kaka yake kuhusu pombe, akacheka kidogo kwa mshangao, kama anayesimulia kituko cha mjini. Rafiki akamweleza mwingine, na kicheko kikabaki njiani. Kufikia Ijumaa iliyofuata habari ilikuwa kwamba ini la Maalim limeharibika, na madaktari wameuliza habari ya pombe. Wiki iliyofuata ikawa madaktari wamekuta pombe. Na kwa kuwa lazima iwe aliinywa mahali, watu wakapata na mahali: nyuma ya duka, pamoja na yule Mkongo.

Kasereka ndiye aliyemletea Maalim habari hiyo. Aliingia dukani, akabaki amesimama.

"Maalim, watu wanasemaka tunakunywaka pamoja huku nyuma," alisema. "Mimi ninakunywaka, sitadanganya, ila kwangu, na bibi yangu Benedicte anajua. Sasa niache kwanza kuingia kwako?"

Maalim alimvutia kigoda. "Ukiacha kuingia, watasema tumegundulika," alimjibu. "Kaa."

Kasereka akakaa, na wakanywa chai, mlango ukiwa wazi kabisa.

Mahfudha alitaka kwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya msikiti, na kwa wake wa wazee, mmoja mmoja, awaeleze alichokisema daktari. Maalim alimkataza. Alisema mtu anayekwenda nyumba kwa nyumba kusema mimi silewi, huyo ndiye watu wanamnusa. Alikuwa na kiburi chake, kiburi cha mtu ambaye maisha yote hakuhitaji kujieleza. Kwa hiyo walikaa kimya, na kimya chao nacho kikasemwa. Chuoni watoto walianza kupungua. Mzazi mmoja alisema wamehamia Ntinda, mwingine alisema mtoto ana mtihani. Mialiko nayo ikapungua, kwa maneno matamu: pumzika, Maalim, unaumwa, tusikusumbue.

Huku nyuma dripu zilikuwa zimeanza. Zilimchoma vidole, hasa akigusa kitu cha baridi, hata glasi ya maji ilimuuma. Alitapika. Harufu ya udi, ambayo aliiuza maisha yake yote, ikawa hawezi kuivumilia, na Sundus akawa ndiye anayefungua duka siku za mapumziko ya shule. Alijitahidi pia kufuata alichoambiwa kuhusu chakula. Mahfudha aliacha samli, akapika mboga na samaki wa kuchemsha, na asubuhi mume na mke walipanda polepole kilima cha Bukoto, wakisimama kila mara Maalim apumzike. Mwili ulipungua. Mahfudha akazipunguza kanzu zile zile alizokuwa akiziongeza.

Baada ya mizunguko michache ya dripu walipiga picha nyingine, na habari ilikuwa njema. Vinundu vilikuwa vimenywea karibu nusu. Zuhair alilia ndani ya gari. Daktari Okeny naye alifurahi, lakini furaha yake ilikuwa ya mtu mwenye haraka. Alisema sasa waache dawa, ini lipumzike wiki kadhaa, kisha akate.

Zuhair aliuliza kwa nini waache kitu kinachofanya kazi. Kama dawa inavila vinundu, si bora ivimalize, mtu asipasuliwe? Hilo swali wanaliuliza wengi, na lina akili ndani yake. Daktari alieleza kwa upole kwamba dawa peke yake haimalizi. Hata kinundu kisipoonekana kwenye picha, mzizi hubaki. Na kila dripu inayoongezwa hulichosha lile ini zima ambalo mgonjwa atabaki nalo.

Wote walidhani shauri limekwisha. Ndipo Maalim aliposema anaomba upasuaji usubiri hadi mfungo sita uishe, yaani mwezi wa maulidi upite.

Daktari alimtazama. Akamwambia kwamba wakisubiri bila dawa, ugonjwa utakua tena, na wakisubiri na dawa, ini litaumia zaidi. "Mimi siwezi kukufunga kamba, Maalim," alisema. "Lakini kila dripu ingine, inaumiza ile ini nitakuachia. Unasikia?"

"Nimesikia."

"Na bado unataka kungoja?"

"Nataka kungoja."

Nyumbani Mahfudha hakuvua hata viatu. Alimuuliza anangoja nini.

"Mama Sundus," alimjibu, "mwaka huu nikisimama nikasoma, watu wataniona. Wataona nimesimama, wataisikia sauti, watajua si sauti ya mlevi. Nikilala chini ya kisu kabla ya hapo, na nikifa, nitazikwa na lile neno."

Mahfudha alikuwa na mengi ya kujibu. Lakini alimwona usoni kwamba haombi ushauri, na alikuwa mke aliyemzoea mume wake. Alisema tu kwamba Mungu anajua, akaenda jikoni. Maisha yake yaliyobaki alijiuliza kwa nini hakupiga kelele siku ile.

Wakaongeza mizunguko. Safari hii dripu zilimwangusha vibaya zaidi, na damu yake ilipopimwa namba za ini zilikuwa zimepanda. Yeye alikuwa kwenye mazoezi. Alijifungia chumbani akasoma kwa sauti ndogo, kisha kubwa, akipima pumzi yake, akitafuta mahali pa kumeza mate ili kichefuchefu kisimkute katikati. Sundus, akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake sebuleni, alimsikiliza akafikiri kwamba sauti ya baba yake haijawahi kuwa nzuri kama hivyo. Ilikuwa imepungua uzito, imebaki na kitu kingine.

Siku chache kabla ya maulidi, kwenye kundi la WhatsApp la msikiti, likatumwa tangazo lenye picha na rangi za kijani. Juu palikuwa na jina la mgeni rasmi. Chini yake palikuwa na jina la msomaji, na halikuwa la Maalim. Lilikuwa la Khaemba Idrisa, kijana ambaye Maalim alimfundisha mwenyewe tangu alipokuwa hajui kushika kalamu. Sundus aliliona kwanza, akaizima simu yake kana kwamba kuizima kungelifuta tangazo. Lakini simu ya baba yake nayo ililia mezani, naye akaichukua, akavaa miwani. Aliitazama picha ile muda mrefu. Kisha akasema Khaemba ana pumzi nzuri.

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mwenyekiti wa kamati alipiga simu kesho yake kusema walimhurumia, waliona wasimchoshe. Maalim alimshukuru.

Alikwenda. Mahfudha alimwomba asiende, akaenda. Alivaa kanzu nyeupe, akaketi safu ya tatu, akaitikia pamoja na watu wote. Khaemba alisoma vizuri, ila mahali pamoja alikata pumzi pasipotakiwa, na waliokuwa karibu na Maalim waliona midomo yake ikiendelea peke yake. Chakula kilipoletwa alichukua matonge mawili akaacha, kwa sababu ya masharti, na kwa sababu tumbo lilikuwa linamgeuka. Upande wa wanawake Mahfudha alimsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba ndivyo walivyo, wakishazoea vile vitu hamu ya chakula huwaishia. Mwanamke huyo alikuwa amekula harusi ya Sundus. Mahfudha aliweka bilauri yake chini, akatoka kumngojea mumewe nje.

Upasuaji ulifanyika baada ya hapo. Asubuhi yake, wodini, Zuhair aliomba abaki na kaka yake peke yao. Alimwambia kwamba lile neno lilitoka kinywani mwake, kwamba hakulitoa kwa nia hiyo.

"Nilijua," Maalim alimjibu. "Chumbani tulikuwa sisi watatu na daktari. Nani mwingine?"

Zuhair alimuuliza kwa nini hakusema kitu muda wote ule.

"Nilingoja uje. Sasa umekuja. Nishike mkono, wanakuja kunichukua."

Ilichukua saa nyingi. Daktari Okeny alitoka akiwa amechoka, akamweleza Sundus kwamba vinundu vyote vimetoka, na kingo za alipokata ni safi. Kansa iliyokuwamo, kwa macho, haimo tena. Sundus alianza kushukuru, lakini daktari hakuwa amemaliza. Alimwambia kwamba ini lenyewe halikumpendeza. Lilikuwa la njano kama siagi, na juu ya njano hiyo lilikuwa na mabaka ya bluu yaliyotokana na dawa. Lilikuwa laini, likavuja damu kila mahali alipoligusa. Alichoacha kingetosha mtu mwenye ini zuri. Kwa huyu, wangojee waone.

Wakangoja. Siku za kwanza alizungumza, akauliza habari za duka. Kisha macho yakaanza kugeuka manjano, kwanza pembeni, mpaka ngozi yote ikafuata. Tumbo, ambalo alikuwa amelipunguza kwa miezi ya mboga na kupanda kilima, likarudi kujaa, safari hii maji. Miguu ikavimba. Akawa analala mchana, na akiamka hana hakika ni wapi alipo.

Siku moja Sundus alimkuta anasoma kwa sauti ndogo ile sura fupi ambayo kila mtoto huanza nayo chuoni. Alifika katikati akasimama. Akaanza upya, akasimama pale pale. Mara ya tatu akachanganya maneno, akaendelea kama hajui kwamba amekosea. Sundus hakuwa amewahi katika maisha yake kumsahihisha baba yake. Alisogeza kiti, akamtajia neno. Maalim akalirudia, kama mtoto, akamshukuru kwa heshima kana kwamba hamfahamu. Sundus alisubiri mpaka alipolala, ndipo akatoka.

Daktari alieleza kwamba ini likishindwa kusafisha damu, sumu hupanda kichwani, na kwamba kuna dawa ya maji ya kumfanya aende choo ili itoke. Walimpa. Ilimsaidia, lakini si kila siku.

Mwenyekiti wa kamati alikuja kumtazama, na mfuko wa machungwa. Alisimama miguuni pa kitanda. Aliyaona macho ya manjano, akaliona tumbo, na Mahfudha, aliyekuwa ameketi upande wa pili, aliona namna mzee yule alivyoyaondoa macho yake haraka. Mahfudha hakuhitaji kuambiwa anachowaza. Kila mtu Kampala amemwona mlevi aliyefikia mwisho, na hivi ndivyo anavyoonekana.

"Mwenyekiti," Mahfudha alisema, "sema unachokiwaza."

Mwenyekiti alisema hawazi kitu, anamwombea tu. Bahati au si bahati, Daktari Okeny alikuwa ameingia kumkagua mgonjwa. Mahfudha alimgeukia akamwambia yeye ni mke wa mgonjwa, anampa ruhusa, amwambie mzee huyu kilichomfanya mume wake awe hivi. Daktari alimtazama Maalim, aliyekuwa macho siku hiyo. Maalim akainamisha kichwa kidogo, kukubali.

"Mzee," daktari alimwambia mwenyekiti, "huyu hajakunywa pombe. Ini yake ilikuwa na mafuta ya chakula, halafu dawa yetu ikaumiza juu yake. Mimi nimeishika kwa mikono yangu, najua ninasema nini."

Mwenyekiti aliinama, akasema hakuna mtu aliyesema vingine. Akarudia, hakuna aliyesema. Aliyaweka machungwa juu ya kabati, akaaga. Mahfudha alitazamia kwamba Ijumaa hiyo litatamkwa neno msikitini, hata kwa mzunguko. Halikutamkwa. Labda mwenyekiti alidhani kulikanusha ni kulitangaza. Labda alikuwa ameona aibu. Mahfudha hakujua, na baada ya muda aliacha kujiuliza.

Maalim hakufa hospitalini. Ini lake lilikua kidogo, la kutosha kumrudisha nyumbani, halikutosha kumrudisha dukani. Alikaa sebuleni mwao Bukoto, amekonda mikono na uso, akisikiliza pikipiki zikipita chini. Siku nyingine alikuwa yeye mwenyewe, akifanya mizaha. Siku nyingine alimwita Sundus kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Kasereka na Benedicte walikuja Jumapili baada ya ibada yao, na Kasereka alimweleza yaliyopita Nakivubo wiki nzima, nani ameuza, nani amefunga, mvua imefika wapi mlangoni. Zuhair alikuja kila siku, akawa anamwogesha.

Wakati mmoja, akili yake ikiwa safi, alituma aitwe Khaemba. Kijana alikuja amejawa na woga, akaanza kuomba msamaha kwa ajili ya maulidi. Maalim hakumwacha aendelee. Alimwambia asome pale mahali alipokata pumzi, akasoma, akamrekebisha, akamwambia arudie. Wakakaa hivyo mpaka Maalim akachoka. Khaemba alisema baadaye kwamba alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kufundishwa.

Miezi ilipita, wakapiga picha tena, na kwenye ini lile dogo palikuwa na vinundu vipya. Daktari Okeny aliwaeleza bila kuzunguka. Ini haliwezi kukistahimili kisu tena. Dripu nayo ingelimaliza kabla ya kuumaliza ugonjwa. Kilichobaki ni dawa ya maumivu, na kuwa nyumbani.

Maalim alikuwa na swali moja. Aliuliza ingekuwaje kama angekubali siku ile, kabla ya maulidi.

Daktari aliweka picha mezani. "Sijui, Maalim," alisema. "Ini ingekuwa na nguvu zaidi, hiyo naweza kusema. Pengine ungekuwa na miaka. Pengine ugonjwa ingerudi tu, tufike hapa hapa. Siwezi kukudanganya."

"Umenijibu vizuri," Maalim alisema. Akamwombea dua yeye na wazazi wake, na daktari akaipokea.

Alifariki asubuhi, mvua ikinyesha, Mahfudha akiwa ameenda kuchemsha maji. Sundus ndiye aliyekuwa karibu. Alisema hakukuwa na maumivu mwishoni, ila pumzi zilizokuwa zikitafutana, kisha hazikutafutana tena.

Mazishi yalikuwa makubwa. Wale ambao mialiko yao ilikuwa imekatika walikuja wote, na wazazi wa wale watoto, na magari yalijaa mpaka barabara ya juu. Kasereka alifunga duka lake na la Maalim, akasimama na wanaume wengine mwisho wa safu, na hakuna aliyemwambia kitu. Mwenyekiti alizungumza. Alimtaja marehemu kuwa mwalimu wa watu, sauti ya mji, mtu aliyemheshimu kila mwenye nyumba. Alisema vizuri, kwa machozi ya kweli. Nyumbani, miongoni mwa wanawake, Mahfudha aliyasikia maneno hayo kwenye simu ya mtu iliyokuwa ikirusha mazishi moja kwa moja, na akamwomba mwenye simu apunguze sauti.

Kisha akaingia eda. Miezi ile wanawake walikuja kumpa pole, wakaketi mkekani, wakaulizia ugonjwa kwa kuzunguka zunguka: eti ilikuwa ini, eti macho yaligeuka rangi, eti daktari alisema nini hasa. Mwanzoni aliwaeleza, tangu utumbo hadi dripu, kwa subira ya mtu anayefundisha, na aliona wanaitikia kwa vichwa huku macho yao yakisubiri afike pale wanapotaka. Baadaye alipunguza maelezo. Mwishoni, mtu akimuuliza mume wake aliuawa na nini, alijibu, "Kansa," akamsogezea mgeni chai, akaketi kimya mpaka mgeni alipoaga.